Goli Lililoua Timu ya Pili

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ambayo haina haki ya kuwepo mwezi wa nane.

Nimeficha jambo kwa miaka, na kwa kuwa sina miaka mingine ya kulifichia, naliandika hapa. Wanangu wanaamini kwamba kila Jumamosi ya kiangazi niko kanisani kwenye kikundi cha wazee, nakunywa chai na kuimba tenzi. Siko kanisani. Sijawahi kukanyaga kwenye kikundi hicho. Niko kwenye kiwanja cha wazi kusini mwa mji huu wa Waingereza, nimevaa koti jeupe na kofia, nimesimama katikati ya milingoti miwili mirefu, bendera mbili nyeupe mkononi. Mimi ni mwamuzi wa goli wa klabu ya mpira wa Kiaustralia.

Binti yangu Neema ni muuguzi. Alinikataza kusimama kwenye baridi tangu moyo wangu ulipoanza kuchoka, ndiyo maana nikamdanganya. Neema, ukiisoma hii, usinipigie kwanza. Soma hadi mwisho.

Leo sina haja ya kumdanganya mtu. Nimekaa nyumbani. Saa hizi fainali ya timu za pili inachezwa na sisi hatumo, na Jumatatu kamati yetu inapeleka kwenye ligi majina ya timu za msimu ujao. Timu yetu ya pili haitakuwemo. Imefutwa. Watu wazima thelathini na kitu wanaamka siku moja na kuambiwa kwamba mahali pao hapapo.

Nina hasira ambayo daktari wangu wa moyo asingeipenda.

Kwa mnaosoma kutoka kule nyumbani na hamjawahi kuuona mchezo huu: mpira wenyewe ni mrefu kama papai. Uwanja una umbo la yai na ni mkubwa kuliko uwanja wowote wa kandanda mnaoujua. Kila upande kuna milingoti minne. Hakuna wavu, hakuna kipa. Mtu akiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati bila kuguswa, hilo ni goli, pointi sita. Ukigonga mlingoti, ukipita pembeni, au beki akiugusa hata kwa ukucha kabla haujavuka mstari, ni pointi moja tu. Anayeamua ni mtu aliyesimama pale kwenye mstari na koti lake. Akipeperusha bendera mbili ni goli. Akipeperusha moja ni pointi moja.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Ilikuwa.

Niliipata mwaka ule aliofariki mama wa wanangu. Nilikuwa nimestaafu, nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa natembea tu bila kujua naenda wapi. Nikaketi kwenye benchi, nikaona vijana wenye jezi zisizo na mikono wakirukiana mabegani kama vichaa. Mpira ukaja miguuni kwangu. Nikaupiga ukaenda upande ambao sikuukusudia, maana papai halipigiki. Jitu moja jekundu kwa kuchomwa na jua likacheka hadi likashika magoti, kisha likaniuliza kama nina shughuli yoyote mchana ule. Mwamuzi wao wa goli hakuwa ametokea. Wakanivisha koti, wakanipa bendera, wakanieleza sheria kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Mimi nilisomea upimaji ardhi. Nimepima mashamba milimani kwetu Upare, nimepima viwanja Dar es Salaam, na nilipokuja huku kuongeza shahada nikabaki, nimewapimia Waingereza mipaka ya bustani zao hadi kustaafu. Maisha yangu yote nimelipwa kusema mstari uko wapi, na watu wawili wanaotaka kuuana wamenyamaza niliponyoosha kidole. Kwa hiyo siku ile niliposimama kwenye mstari wa goli nilijua niko kazini. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Hao wa kwanza wote wameshaondoka, visa zao ziliisha. Wamekuja wengine nao wameondoka. Mimi nimebaki.

Sasa nitasema klabu inavyopaswa kuendeshwa, kwa sababu Jumatano kwenye mkutano nilipewa dakika mbili, na dakika moja nilikuwa bado natafuta pumzi baada ya kupanda ngazi.

Klabu yetu ilikuwa na kanuni moja: anayekuja anacheza. Umenenepa, unacheza. Goti lako limekufa, unacheza, tutakuweka mahali ambapo hutakimbia. Hujawahi kuuona mpira huu maishani, unacheza timu ya pili, na jitu fulani litakufundisha huku likikutukana kwa upendo. Timu ya kwanza ilikuwa ya wanaojua. Timu ya pili ilikuwa klabu yenyewe.

Na kulikuwa na mfuko wa jezi. Mfuko mkubwa wa turubai, unanuka kama mbwa aliyelowa. Kila baada ya mechi mtu mmoja anaubeba kwake, anafua jezi zote, anazianika kwenye kila kiti na kila mlango wa nyumba yake, anazirudisha. Nahodha alifua. Mwenyekiti alifua. Mimi nilifua, na Neema akaja bila taarifa akakuta jezi ishirini na mbili zimetapakaa sebuleni, nikamwambia ni za vijana wa kanisa. Mungu anisamehe. Lakini mfuko ule ukishalala kwako usiku mmoja, huwezi tena kumwita mwenzako "mchezaji wa timu ya pili" kwa sauti ile wanayoitumia sasa. Umeshaona tope la kila mmoja wao.

Siku hizi jezi zinapelekwa kwa dobi wa kulipwa. Mfuko umetupwa. Nilipouliza kwa nini, katibu alinijibu kwamba haukuwa na taswira nzuri.

Taswira!

Mwenyekiti wetu anaitwa Craig. Ni kijana wa Melbourne, anafanya kazi benki, meno yake ni mazuri, na sijawahi kumsikia akisema neno baya. Afadhali angelisema. Mtu anayetabasamu wakati anakata mti huwezi hata kumgombeza. Alipoingia alikuja na mkakati. Tutakuwa klabu bora ya mji mzima. Tutaleta wachezaji wa maana kutoka kwao, tuwatafutie kazi na vyumba. Tutahama kiwanja cha wazi, ambako mama yeyote na kigari cha mtoto anaweza kusimama akatazama, twende kwenye uwanja wa kukodi wenye uzio, nje kabisa ya mji, unakoshuka treni halafu unatembea barabara isiyo na njia ya miguu. Rangi za jezi zitabadilishwa zifanane na za dalali wa nyumba anayetudhamini. Kundi letu la WhatsApp limefungwa, wanaandika viongozi tu, sisi tunaruhusiwa kuweka alama ya dole gumba.

Wachezaji wa timu ya wanawake nao wanawekwa kwenye bango kila mwaka. Ule msimu ambao wanaume walishindwa kutimia, ni wanawake hao waliobeba klabu, waliochora mistari ya uwanja kwa mikono yao, na waliokata machungwa ya mapumziko. Leo wanapewa kiwanja saa ambayo hata ndege hawajaamka. Kwenye mkakati wa Craig wana ukurasa mmoja wenye picha nzuri.

Na hili ndilo linalonichemsha kuliko yote. Craig mwenyewe anarudi kwao mwakani. Katibu anarudi kabla yake. Nusu ya walionyoosha mikono Jumatano hawatakuwa katika nchi hii msimu wa pili kuanzia sasa. Wanaua kitu ambacho hawatakuwepo kukikosa. Ningekuwa mimi naandika katiba ya klabu, ningeweka kifungu kimoja tu: mwenye tiketi ya kuondoka asipige kura juu ya jambo litakalobaki. Apige kura juu ya bia. Apige kura juu ya wimbo wa basi.

Lakini nani ataniachia niandike katiba. Mimi ni Eli wa bendera. Jina langu kamili, Eliakimu, hakuna kati yao anayelijua, na nadhani hata kwenye orodha ya wanachama nimeandikwa hivyohivyo, Eli.

Nimesimama kidogo kunywa dawa. Nimemwaga maji kwenye meza tena. Naendelea.

Kuna mtu anaitwa Otieno. Nimtaje hapa kwa sababu yeye ndiye timu ya pili ninayoizungumzia. Ni Mkenya, mtu wa Siaya, amepita miaka arobaini, anafanya kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja nchi hii peke yake. Alikuwa akipita kiwanjani asubuhi akitoka kazini, macho mekundu, akasimama kutazama kama nilivyosimama mimi. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akaruka.

"Mzee! Wewe ni wa wapi na hilo koti la daktari?"

Nikamwambia mimi ni Mtanzania na hii si hospitali, aingie uwanjani. Akasema hajui mchezo. Nikamwambia hakuna anayejua, wanajifanya. Jumamosi iliyofuata alikuwa amevaa jezi. Wakamweka beki wa mwisho, yule anayesimama karibu nami kabisa kulinda goli. Miaka minne tumesimama pamoja, yeye na mimi, tukipiga soga mpira ukiwa upande wa mbali. Ananitania kwamba Watanzania wanaongea Kiswahili kama wanaomba samahani. Mimi namwambia Wakenya wanakiongea kama wanafukuza mbuzi.

Mama yake alipofariki hakuweza kusafiri kuzika, mambo ya makaratasi. Nilimwambia nahodha wa timu ya pili kwamba kwetu mtu haachwi peke yake kwenye matanga. Hakuelewa matanga ni nini, lakini alielewa hiyo ya kutoachwa. Jioni ile walikwenda watu kumi na moja kwenye chumba cha Otieno. Hawakujua kinachofanyika, kwa hiyo walileta kile wanacholeta siku zote, makopo ya bia na mikate ya nyama. Wakaketi kitandani, sakafuni, mmoja kwenye dirisha. Hawakuimba, hawakuomba, hawakusema kitu. Walikaa tu na miguu yao mikubwa hadi alipoanza yeye mwenyewe kuzungumza juu ya mama yake. Otieno aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona matanga ya ajabu vile, na kwamba hatayasahau.

Hiyo ndiyo timu iliyofutwa kwa sababu haiendani na mkakati.

Mwanzoni mwa msimu Craig alitaka kuifuta palepale. Tukapiga kelele. Akakubali jambo moja mbele ya watu wote: timu ya pili ikifika fainali, itabaki. Isipofika, itafutwa, na hakuna kulalamika. Tulicheka. Timu ya pili haijawahi kufika popote. Lakini msimu huu, sijui nini kiliwaingia. Walifanya mazoezi kwenye mvua. Waliacha bia siku za Ijumaa. Otieno alibadilishana zamu na kila mtu kazini kwake hadi akawa hadai tena fadhila kwa yeyote. Wakafika nusu fainali.

Mechi hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwenye kiwanja chetu. Klabu yetu ilitoa mwamuzi wa goli moja, wale wapinzani wakatoa wa upande wa pili. Mimi na koti langu. Nilikuwa na kikohozi na miguu imevimba ndani ya viatu, lakini nisingekosa.

Robo ya mwisho, karibu kabisa na king'ora, tulikuwa mbele kwa pointi nne. Mmoja wao akaupata mpira mbele ya goli, ndani ya rundo la watu, akaupiga kwa haraka. Otieno aliruka. Nilisikia pumzi yake, alikuwa karibu hivyo. Mpira ukapita juu ya mstari.

Mwamuzi wa kati akaniangalia. Kama beki ameugusa, ni pointi moja, tunashinda, tunakwenda fainali. Kama hakuugusa, ni sita.

Nilipeperusha bendera mbili.

King'ora kikalia muda mfupi baadaye. Tulipoteza kwa pointi mbili.

Otieno alinijia mikono yake ikiwa juu. "Mzee, hiyo mpira niliigusa! Haki ya Mungu, niliigusa na hivi vidole!" Akaninyooshea vidole usoni. "Kwani hukuona?"

Nikamwambia, "Nimeamua nilivyoamua."

Alisimama pale. Wenzake wakamvuta. Sheria ni sheria, neno la mwamuzi wa goli halirudishwi. Wale wapinzani wakaja kunishika mkono, mmoja akaniambia hajawahi kuona mtu akiihukumu timu yake mwenyewe namna ile. Nilivua koti nikalikunja vizuri kama kawaida.

Sasa Jumatano. Mkutano ulikuwa chumba cha juu cha baa, ngazi kama za mnara. Craig alionyesha mkakati ukutani kwa ile mashine ya picha. Akafika kwenye timu ya pili. Akasema makubaliano yalikuwa wazi, na timu haikufika fainali, na inamuuma. Kisha akanigeukia mimi.

Alisema kwamba angependa kila mtu ajifunze kwa Eli. Kwamba Eli alikuwa na timu anayoipenda mikononi mwake, na sekunde moja ya kuamua, na akasema kweli. Akasema klabu ya kweli hujengwa na watu kama Eli. Kwa hiyo tusimdharau Eli kwa kutafuta visingizio kwamba eti mpira uliguswa.

Wakasimama. Chumba kizima kilinipigia makofi. Kisha katibu akaniletea zawadi, bendera zangu mbili, zimefungwa utepe. Wamepata mwamuzi mwingine kwa msimu ujao, kijana mwenye cheti. Mimi nipumzike, nimestahili.

Nilinyanyuka kusema. Nilisema mambo yote niliyoandika hapo juu, anayekuja anacheza, mfuko wa jezi, wenye tiketi za kuondoka, lakini yalitoka yamekatikakatika kwa sababu ya pumzi. Walinisikiliza kama unavyomsikiliza babu kwenye harusi. Mtu wa nyuma akasema, "Ahsante, Eli." Wakanyoosha mikono. Timu ya pili imefutwa.

Otieno alikuwa kwenye kona. Hakusema neno mkutano wote. Angeweza kusimama akasema alichoniambia uwanjani, na wengine wangemuunga mkono, nahodha aliliona lile goli, najua aliliona. Lakini baada ya makofi yale, kusema mpira uliguswa kungekuwa kuniita mimi mwongo mbele ya watu. Otieno hawezi kumwita mzee mwongo mbele ya watu. Hakulelewa hivyo. Craig hajui hilo, lakini angekuwa analijua asingeweza kulitumia vizuri zaidi.

Otieno alinishika mkono kwenye ngazi kushuka. Alinibebea bendera. Tulitembea hadi kituo cha basi.

Kituoni akasema, "Mzee, sikutaka kuongea huko ndani."

"Najua."

"Lakini niliigusa."

Akatazama barabara.

"Basi lako hilo linakuja," akasema. Kisha akaongeza, bila hasira, ile sauti anayowaongelesha nayo wale wazee wake wa kazini: "Mimi nitaacha tu hii mpira. Siendi kutafuta klabu ingine na hii umri. Wewe lala, Mzee. Usijali."

Usijali!

Nimekaa na neno hilo tangu Jumatano. Bendera ziko pale pembeni mwa mlango, sijafungua utepe.

Nimesoma tena niliyoandika. Au tuseme kompyuta imenisomea, maana mjukuu wangu aliiwekea ile sauti ya kusoma maandishi, Kiswahili inakisoma kama Mreno aliyelewa. Kila nililosema juu ya kamati ni kweli. Silifuti hata moja. Klabu haiendeshwi kama duka, na Craig ni mjinga mwenye meno mazuri, na jezi zifuliwe nyumbani.

Lakini hasira hii si yote ya Craig. Nimemtwika kwa sababu yeye ni mrefu na anaonekana.

Wiki iliyopita daktari wa moyo alivuta kiti akaketi karibu nami kabla ya kusema. Nimeshawahi kuketi karibu na watu namna hiyo, nilipokwenda kuwaambia kwamba nyumba yao imejengwa nje ya mpaka. Hakutaja muda, nami sikuuliza. Nilitoka pale nikiwaza jambo moja tu. Sikuwaza watoto, Neema, unisamehe. Niliwaza lile goli.

Kwa sababu kamati bado haijapeleka majina. Ni Jumatatu. Ligi haiwezi kubadili matokeo, hilo limepita, lakini makubaliano yale hayakuwa ya ligi, yalikuwa ya kwetu, na sababu pekee aliyoitoa Craig ya kuifuta timu ni neno langu. Akiondolewa neno langu, hana kitu. Nahodha anajua. Wachezaji wanajua. Wanachosubiri ni mtu mmoja aseme, na mtu huyo amekaa hapa nyumbani Peckham kwenye kiti chake anawatukana wengine.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitampigia Craig, kabla ya ibada. Kisha nitampigia nahodha. Lakini Otieno nitamwambia kwanza, na nitamwambia hapa, kwa sababu najua huwa anasoma blogu hii akiwa zamu, wazee wake wakishalala.

Otieno, tangu msimu uliopita katikati ya kila kitu ninachokitazama kuna doa la moshi. Pembeni naona. Naona masikio ya mtu, naona kofia yake, sioni uso. Nakujua kwa hatua zako. Hospitali ya macho imeniita mara kadhaa na sikwenda, kwa sababu wangeniandika, na nikishaandikwa ningepokonywa bendera. Mpira ukiwa mbali pembeni nauona vizuri. Ukija kwangu moja kwa moja, unaingia kwenye moshi.

Nilijifunza kuamua kwa masikio. Mlingoti ukigongwa unalia. Beki akikosa anaguna. Washambuliaji wakifunga huinua mikono yote, na mikono inakuja hadi pembeni ambako naona. Matokeo, ambayo sisi waamuzi wa goli huyaandika, nilikuwa namuuliza mwenzangu wa upande wa pili, mara mbili, akadhani mimi ni mwangalifu. Misimu miwili, hakuna aliyegundua. Nilijivunia, Otieno. Mpima ardhi asiyeona mstari, na bado watu wananyamaza akinyoosha kidole.

Uliniuliza kama sikuona, nikakujibu jibu la mwanasheria.

Sikuona. Sikuuona mpira, sikuviona vidole vyako, sikukuona wewe ukiruka. Nilisikia mashabiki wao wakilipuka, nikapeperusha bendera mbili.